"Nimefanya Yangu Yote, Sasa Namwachia Mungu": Jamani Tuache Kusema Hivi

Nimeisikia matangani, nimeisikia wodini, nimeisikia kwenye jumuiya, na wiki hii imenijia tena kwa wasapu ikiwa na vile vimikono viwili vya kuomba pembeni: "Mchungaji, mi nimefanya yangu yote, sasa namwachia Mungu." Na mtu akishaitamka anasubiri useme amina, kwa sababu kwake hapo ndio imani imefika kileleni. Sijajibu bado. Nimeona niandike hapa, maana nikimjibu huyu mmoja kesho atakuja mwingine na sentensi ileile.

Iangalie vizuri hiyo sentensi. Imegawa maisha mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la kwangu: nina hela, nina akili, nina watu wa kuwapigia simu, hapo Mungu akae pembeni kwanza. Fungu la pili linaanza hela zikikata na simu zikiacha kupokelewa, hapo sasa ndio zamu yake. Yaani tumemfanya kama LUKU, hatumkumbuki mpaka mita ianze kupiga kelele. Halafu tunaiita hiyo kumtegemea Mungu, na tunaitolea ushuhuda ibada ya pili.

(Na kabla hujaniandikia kwamba Biblia imesema "jisaidie nami nitakusaidia", haijasema. Usihangaike kutafuta, hamna.)

Sasa kuna ndugu zetu wa upande wa pili, nao wananichosha kiwango kilekile. Hawa ni wale wanaotoka mkesha saa kumi na moja alfajiri, wanafika nyumbani wanatupa vidonge vya presha chooni kwa sababu "nimepokea uponyaji". Kundi la kwanza linawaona hawa wamechanganyikiwa, na hawa wanawaona wa kundi la kwanza hawana imani, na wakikutana kwenye kikao cha wazee wa kanisa ni vurugu. Mi nikiwasikiliza naona wanaamini kitu kimoja. Wote wanaamini kazi ya Mungu na kazi ya dawa zinashindana, ikipanda hii inashuka ile. Mmoja anasema nianze na daktari, akishindwa nakuja kwa Mungu. Mwingine anasema nianze na Mungu, kwa hiyo daktari wa nini. Ugomvi wao ni wa nani atangulie kwenye foleni, wala hawagombanii kingine.

Andiko linalopigwa sana na hawa wa vidonge chooni ni la Asa mfalme wa Yuda, 2 Nyakati 16:12. Mwaka wa 39 wa kutawala kwake akaugua miguu, ugonjwa ukazidi, na hata hapo hakumtafuta Bwana bali waganga. "Unaona mchungaji? Alienda hospitali akafa!" Naona kweli. Ila rudi nyuma sura mbili, jamani, sura mbili tu. Sura ya 14 Asa huyohuyo anavamiwa na Zera Mkushi mwenye jeshi la watu milioni moja na magari ya vita 300. Asa anasimama anaomba maombi ambayo mi binafsi nayapenda kuliko mengi, anamwambia Bwana hakuna wa kusaidia kama wewe, tunakutegemea wewe. Swali ninalouliza kwenye darasa la kipaimara ni hili: wakati anaomba hivyo alikuwa na nini mkononi? Watoto wanajibu "hakuwa na kitu". Alikuwa na askari 580,000! Wa Yuda 300,000 wenye ngao na mikuki, wa Benyamini 280,000 wenye pinde. Alikuwa ameshajenga miji yenye kuta, malango na makomeo. Huyu hakuwa ameishiwa. Alikuwa na jeshi, alilipanga bondeni, na papo hapo akasema tunakutegemea wewe. Hakusema "tumefanya yetu, yaliyobaki ni yako". Alijikabidhi kwa Mungu pamoja na lile jeshi.

Halafu miaka ikapita, nchi ikatulia, mfumo ukawa unafanya kazi. Akaja Baasha mfalme wa Israeli kumbana kule Rama, na safari hii Asa hakuomba, alichota fedha na dhahabu za hekalu akampelekea mfalme wa Shamu amsaidie. Na ikafanikiwa! Hapo ndipo watu wengi hawasomi vizuri. Mpango ulifanya kazi, Baasha akaondoka, Asa akabeba mpaka mawe na miti yake akaenda kujengea Geba na Mispa. Kama kipimo ni matokeo basi Asa alishinda. Nabii Hanani ndiye aliyekuja kumwambia umemtegemea mfalme wa Shamu, na malipo yake akafungwa gerezani. (Wanaojua hesabu za wafalme wataniuliza imekuwaje mwaka wa 36 wa Asa, ambao 2 Nyakati 16:1 inasema ndio Baasha alikuja, ugongane na 1 Wafalme 16:8, ambapo Baasha anakuwa ameshakufa zamani. Unagongana kweli. Nimesoma maelezo mengi na hamna hata moja lililoniridhisha.) Kwa hiyo tukifika kwenye miguu, waganga sio tatizo. Tatizo ni mtu ambaye mazoea yake ya kumuuliza Mungu yalishakufa, na hata mwili ulipoanza kuoza hayakufufuka.

Mfalme Hezekia aliugua, akaomba akalia, Mungu akampa miaka 15, na bado Isaya akaagiza bonge la tini libandikwe kwenye jipu. Timotheo aliambiwa atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo. Wale kumi wenye ukoma Yesu aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani, ambao ndio walikuwa wanakagua na kusema huyu kapona huyu bado. Ukiombewa na ukaamini umepona, nenda kliniki wakupime, vidonge endelea navyo mpaka daktari aliyekuandikia aseme acha. Hapo sina mjadala.

Kwenye akiba nako kuna kelele, oo bima ya afya ni kukosa imani, oo kikoba ni kumtegemea mwanadamu. Someni Kutoka 16. Mana ya siku ya kawaida ukiilaza inaingia mabuu na kunuka. Mana ya siku ya sita unaokota mara mbili, unailaza, na inakaa salama. Mana ileile, jangwa lilelile. Kwa hiyo kuweka sio dhambi na kutoweka sio imani, ishu ni ulifuata nini ulipoweka. Na tafadhali, hata hiyo mana haikudondokea mdomoni kwa mtu, walitoka asubuhi wakainama wakaokota, jua likikolea inayeyuka. Luther kwenye ile Katekisimu Ndogo ya 1529, ambayo nyote mliikariri mkaisahau siku ya picha za kipaimara, anaeleza ombi la riziki kwenye Baba Yetu kwamba Mungu huwapa watu riziki hata bila sisi kuomba, hata waovu anawapa. Tunaomba ili tuitambue na kuipokea kwa shukrani. Na orodha yake ya riziki ina viatu, ina shamba, ina serikali nzuri, hali nzuri ya hewa, ina majirani waaminifu. Majirani! Kwa hiyo ukisema nimefanya yangu yote, hivyo viatu ulivyohangaikia navyo ulivitoa wapi?

Sasa nije kwenye linalonikera kuliko yote, nalo ni lile neno "daima" kwenye "mtegemee Mungu daima". Watu wanadhani kumtegemea Mungu daima ni hali ya moyo, kaujotojoto fulani ka kiroho unatembea nako. Mi nadhani zaidi ni tabia ya kuuliza tena hata pale unapodhani jibu unalijua. Daudi alipigana na Wafilisti bonde la Warefai, 2 Samweli 5. Akauliza nipande? Akaambiwa panda, akashinda. Wakaja tena, bonde lilelile, adui yuleyule. Mi na wewe tungepanda moja kwa moja na tungesema tunatembea katika neno la ushindi. Daudi akauliza tena, akaambiwa safari hii usipande, zunguka nyuma yao, subiri mpaka usikie sauti ya hatua juu ya miti ya miforosadi. Jibu la jana lingemuingiza chaka.

Na Yoshua 9 ni kinyume chake. Wagibeoni wanakuja na viriba vimepasuka vimeshonwa, viatu vimetiwa viraka, mkate umekauka na ukungu, wanadai wametoka nchi ya mbali. Wazee wa Israeli sio kwamba walikuwa wajinga, walikagua! Walichukua vile vyakula wakavichunguza, ushahidi ulikuwepo mezani. Ila hawakutaka shauri kinywani mwa Bwana. Jambo lilionekana dogo na liko wazi, ya nini kumsumbua Mungu. Siku tatu baadaye wakagundua ni majirani zao wa hapo hapo.

Nina Wagibeoni wangu. Mtu anakuja na bahasha ya kaki, ndani kuna karatasi ya mauziano ya kiwanja, mhuri wa serikali ya mtaa umefifia, jina la muuzaji limefutwafutwa na kuandikwa upya kwa kalamu ya rangi nyingine, shahidi wa tatu kasaini kwa jina moja tu. "Mchungaji naomba uniwekee mikono hapa juu." Umeshalipa? "Nimemaliza jana." Ulienda halmashauri kuulizia kama hicho kiwanja kweli ni cha huyu bwana? "Dalali alisema hakuna haja." Uliomba kabla ya kulipa? Kimya. Halafu inakuja sasa: "Lakini nilikuwa na amani moyoni."

Amani moyoni! Yona alikuwa na amani moyoni, alishuka chini kabisa kwenye merikebu ya Tarshishi akalala usingizi mzito, huku anamkimbia Mungu na tufani inakuja. Mi siikatai hiyo amani, Paulo ameiandika, nimeshaiona kwa watu walio kwenye msiba mzito na sina namna ya kuielezea. Ninachosema ni kwamba kiwanja cha bei rahisi nacho kinaleta amani moyoni. Wanandoa watarajiwa wasionikubalia hili huwa siwabishii, wana amani sana.

Hapa nikiri kitu ambacho kwenye mafundisho ya Jumapili huwa tunakipita haraka. Ezra alitoka Babeli kwenda Yerusalemu na fedha talanta 650 na dhahabu talanta 100, njia ina wanyang'anyi, na akaona haya kumwomba mfalme wa Uajemi askari wa kumsindikiza kwa sababu alishamwambia mkono wa Mungu wetu uko juu ya wote wamtafutao. Wakafunga kwenye mto Ahava, wakaenda bila ulinzi, wakafika. Miaka 13 baadaye Nehemia anaenda mji uleule, chini ya mfalme yuleyule, na maakida wa jeshi na wapanda farasi wa mfalme wanamsindikiza, na yeye naye anasema mkono mwema wa Mungu ulikuwa juu yake. Nani alimtegemea Mungu zaidi? Nimekaa na hilo swali miaka, na sina fomula. Mtu akiniuliza mimi kwa jambo langu ni Ezra au Nehemia, kiukweli mara nyingi sijui. Ninachoweza kusema ni kwamba hata Ezra asiye na askari aliwapimia makuhani zile fedha kwa mizani kabla ya kuondoka, zikapimwa tena baada ya kufika, uzani wote ukaandikwa. Asiyetaka askari alitaka risiti. George Müller wa Bristol naye, ambaye wahubiri wetu wanapenda kumtaja kwamba alilea yatima zaidi ya 10,000 bila kumwomba mtu hela, alikuwa anaandika kila kinachoingia na kuchapisha ripoti kila mwaka. Hiyo sehemu ya ripoti sijawahi kuisikia madhabahuni. Ukikutana na mtumishi anayetembea kwa imani na hataki kuonyesha daftari la mapato, hiyo imani ni ya kwako wewe unayetoa.

Sasa kwa vitendo, maana mtauliza. Kuomba bila kukoma sio kupiga magoti saa 24, una watoto, una kazi, na jirani anataka kulala. Nehemia aliulizwa na mfalme "unataka nini?", na kati ya swali na jibu akamwomba Mungu wa mbinguni, halafu akajibu. Hayo maombi hayazidi pumzi moja. Ila nyuma yake kulikuwa na miezi ya kufunga, na alipojibu alikuwa na orodha kamili: barua kwa maliwali, barua kwa Asafu mwenye kulinda msitu apewe miti. Wamonaki wa jangwa la Misri walikuwa na mstari mmoja, Yohane Cassian aliuandika kwenye karne ya 5, ule mwanzo wa Zaburi ya 70, Ee Mungu uniokoe, Ee Bwana unisaidie hima. Wakila, wakisafiri, wakishindwa kulala, ni huohuo. Mi nautumia kabla ya kupokea simu fulani fulani, wazee wa kanisa msijishuku. Mama ntilie anaweza kuusema akikoroga ugali, wa bodaboda akisubiri taa, muuguzi akitafuta mshipa wa mtoto.

Utajisikia tofauti? Siku nyingi hapana. Mimi siku nyingi nausema na hakuna kinachotokea ndani yangu, nauendeleza tu kama mtu anayeendelea kuweka sahani mezani, na kama kuna mchungaji anayewaambia yeye anawaka muda wote muulizeni mke wake.

Kuna mtu atauliza, na mafuta ya upako je, na chumvi, na yale maji ya chupa? Hiyo ni posti yake peke yake, nitaiandika presha ikishuka. Vidonge nimeshameza.