Dons wa 1951: ukweli na chumvi kuhusu timu isiyofungwa wala kualikwa

Msimu wa 1951 wa Dons, timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha San Francisco, umesimuliwa mpaka umetiwa chumvi. Mechi 9, ushindi 9, hakuna mwaliko wa bowl (mechi za heshima za kufunga mwaka), na msimu uliofuata timu haipo. Hayo ni kweli. Yanayoongezwa juu yake ndiyo yenye kasoro.

Dhana: Hawakufungwa, basi walikuwa mabingwa wa taifa

Vyuo havikuwa na ligi moja wala mtoano. Bingwa alipatikana kwa kura: waandishi wa habari walipiga zao kupitia shirika la habari la AP, makocha kupitia lile la UP. Mwaka ule kura zote mbili ziliwapa Tennessee ubingwa, na Dons wakaambulia nafasi ya 14 kwa AP. Tena kura za mwisho zilipigwa kabla ya bowl. Tennessee walichapwa 28-13 na Maryland kwenye Sugar Bowl tarehe 1 Januari 1952, na ubingwa haukuwatoka.

Kilichowaponza Dons kwenye kura ni ratiba. Walicheza na San Jose State mara 2, wakashinda 39-2 na 42-7. Wapinzani wengine wawili walikuwa timu za kijeshi: wanamaji wa Camp Pendleton na kituo cha mafunzo cha jeshi la majini San Diego. California na Stanford, majirani wakubwa, hawamo. Wapiga kura wa mashariki mwa nchi waliwaona mara moja tu, New York, walipowafunga Fordham 32-26. Siku hiyo Ollie Matson alidaka mipira 2 ya kuanzia na kukimbia nayo uwanja karibu mzima hadi kufunga.

Hiyo "2" kwenye 39-2 huwachanganya wengi. Tachidauni, yaani kuvusha mpira mstari wa mwisho wa wapinzani, ni pointi 6; mkwaju wa nyongeza baada yake ni pointi 1; mpira uliopigwa kwa mguu ukapita kati ya nguzo ni pointi 3; na safeti ni pointi 2. Safeti hutokea mwenye mpira anapoangushwa ndani ya eneo lake mwenyewe la mwisho. Chaguo la kutafuta pointi 2 baada ya tachidauni liliingia vyuoni mwaka 1958, kwa hiyo ukiona 2 peke yake kwenye ubao wa 1951, timu hiyo haikuvuka mstari hata mara moja. Mechi ya mwisho, dhidi ya Loyola, nayo iliisha 20-2.

Dhana: Walipokea barua ya mwaliko, wakapiga kura, wakaikataa

Hapa ndipo chumvi imezidi. Masimulizi ya wachezaji wenyewe hayana sanduku la kura. Kocha Joe Kuharich aliwaeleza kwamba nafasi ya bowl ingepatikana iwapo Matson na Burl Toler, wachezaji wao wawili Weusi, wangebaki nyumbani. Jibu lilikuwa hapana, bila mjadala. Mwaliko rasmi haukutolewa kabisa, kwa hiyo hakukuwa na karatasi ya kurudisha.

Wanaozitetea bowl husema sababu ilikuwa ratiba nyepesi. Tazama walioalikwa: Orange Bowl iliwachukua Georgia Tech na Baylor, Sugar Bowl ikawachukua Maryland na Tennessee, Gator Bowl ikawachukua Miami na Clemson. Vyuo 6, vyote vya majimbo yenye ubaguzi, na hakuna hata kimoja kilichokuwa na mchezaji Mweusi kikosini. Clemson walikuwa wamepoteza mechi 2, Miami 3. Hoja ya ratiba ina ukweli wake, lakini haitoshi kueleza orodha kama hiyo.

Wengine hushangaa kwa nini hawakwenda Rose Bowl, iliyo jimboni kwao California. Mlango huo ulifungwa na mkataba: tangu mchezo wa 1947, nafasi zake zilikuwa za mashirikisho mawili, la Pwani ya Pasifiki na lile la Big Ten. Dons walijitegemea, hawakuwa na shirikisho. Mechi yao na Loyola, hata hivyo, ilichezwa katika uwanja huohuo wa Rose Bowl.

Dhana: Kabla ya 1956 hakuna Mweusi aliyecheza bowl ya Kusini mwa Marekani

Mwaka 1956 ni wa Sugar Bowl peke yake, alipocheza Bobby Grier, Mweusi wa Pittsburgh. Cotton Bowl ya Dallas ilikuwa imeshampokea Mweusi mwingine, Wallace Triplett wa Penn State, tarehe 1 Januari 1948. Kila bowl ilikuwa na kamati yake.

Dhana: Matson alitwaa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo

Alishika nafasi ya 9. Mshindi alikuwa Dick Kazmaier wa Princeton. Matson aliongoza nchi nzima kwa kukimbia na mpira: yadi 1,566 katika mechi 9, yaani yadi 174 kwa mechi, karibu mita 160, na akafunga tachidauni 21. Mwaka 1952 alipata shaba ya mita 400 na fedha ya kupokezana vijiti kwenye Olimpiki ya Helsinki.

Dhana: Kunyimwa bowl ndiko kulikoua timu

Fedha za bowl zingesaidia, lakini hasara ilikuwapo tayari. Vyuo vya Kikatoliki vya pwani ile vilianguka kimoja baada ya kingine: Saint Mary's waliacha baada ya msimu wa 1950, Loyola na San Francisco baada ya 1951, Santa Clara baada ya 1952. Timu ya kulipwa ya 49ers, iliyoanza 1946, ilitumia uwanja uleule wa Kezar na kugombea watazamaji walewale.

Dhana: Wachezaji 4 wa kikosi wako kwenye ukumbi wa heshima wa NFL, ligi ya kulipwa

Ni 3: Matson, Gino Marchetti na Bob St. Clair. Wa nne aliyemo ukumbini, Pete Rozelle, hakuwa mchezaji: alishughulikia habari za michezo za chuo, na akawa kamishna wa NFL mwaka 1960. Toler aliumia goti kwenye mechi ya nyota wa vyuo mwaka 1952, asicheze kulipwa kamwe. Mwaka 1965 akawa mwamuzi wa kwanza Mweusi wa NFL. St. Clair alikuwa bado na mwaka mmoja wa masomo timu ilipovunjwa, akaumalizia Tulsa.