Albamu mpya, mlio wa 1973: retro katika roki ya progresivu ya Italia

Mwaka 2013 kundi la La Maschera di Cera, kutoka mji wa bandari wa Genova, lilitoa albamu iitwayo Le porte del domani. Ukiipiga bila kutazama jalada, utaapa kwamba ni ya mwaka 1973. Vinanda vinanguruma, filimbi inapita juu yake, mwimbaji anaimba Kiitaliano kwa kifua kizima, na nyimbo tisa zinasimulia hadithi moja tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini hizi si zilipendwa, kwa sababu hakuna aliyewahi kuzisikia zamani. Ni muziki mpya uliokusudiwa usikike wa kale, na wapenzi wake huuita retro. Makundi ya roki yanayofanya hivyo yapo nchi nyingi, ila Italia ni kama wamelifanya jambo la ukoo.

Kwanza tuseme roki ya progresivu ni nini. Ilianza Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960, pale wanamuziki wa roki walipochoka na wimbo wa dakika tatu wenye kibwagizo kinachorudi kila baada ya ubeti. King Crimson, Yes, Genesis na Emerson, Lake & Palmer wakaanza kurefusha nyimbo, nyingine zikijaza upande mzima wa santuri. Mapigo yakaacha kwenda kwa hesabu ya nne kwa nne, yakaruka kwenye tano, saba, kisha yakarudi. Wakachota kwenye muziki wa Ulaya wa okestra, kwenye jazi, kwenye nyimbo za kikanisa. Albamu ikawa kitu cha kusikilizwa kwa kukaa chini, siyo cha kuchezwa harusini.

Waitaliano waliupokea muziki huu kwa njaa ambayo Waingereza wenyewe hawakuwa nayo. Albamu ya Pawn Hearts ya kundi la Kiingereza Van der Graaf Generator, ambayo kwao haikuvuma, ilifika namba moja Italia mwaka 1972. Genesis nao walijaza kumbi za Italia kabla hawajawa wakubwa nyumbani. Sababu, kwa maoni yangu, haiko mbali: nchi iliyolelewa na opera haishtuki ikisikia wimbo wa dakika kumi na tano wenye milango mitatu, kilio katikati na kishindo mwishoni.

Kisha wakaanza kutengeneza wa kwao. Premiata Forneria Marconi wa Milano walitoa albamu mbili ndani ya 1972, na mwaka uliofuata walikuwa na albamu ya Kiingereza chini ya lebo ya Emerson, Lake & Palmer. Banco del Mutuo Soccorso wa Roma walikuwa na ndugu wawili kwenye vinanda, mmoja piano na mwingine ogani, na mwimbaji, Francesco Di Giacomo, aliyekuwa na sauti ya jukwaa la opera; albamu yao ya kwanza ilitoka katika jalada lililokatwa umbo la kibubu cha kuwekea akiba. Napoli ilikuwa na Osanna na Il Balletto di Bronzo. Genova ilikuwa na New Trolls, ambao mwaka 1971 walirekodi na okestra iliyoandikiwa muziki na Luis Bacalov, mtunzi wa muziki wa filamu. Venezia na viunga vyake ikawa na Le Orme, ambao tutawarudia.

Halafu mambo yakakatika. Hapa ndipo penye kiini cha retro yote, na ndipo maelezo mengi yanapopita haraka. Kipindi chenye rutuba kilidumu miaka michache tu, takriban 1971 hadi 1975. Makundi mengi yalirekodi albamu moja na kutawanyika. Siasa za Italia wakati ule zilikuwa moto, na muziki haukuachwa pembeni. Museo Rosenbach, kundi la mkoa wa Liguria, lilitoa Zarathustra mwaka 1973. Kwenye jalada kulikuwa na picha za kubandikwabandikwa, mojawapo sanamu ya kichwa cha Mussolini, dikteta wa kifashisti wa Italia, na hiyo ikatosha kuwabandika wanamuziki tuhuma za ufashisti. Kundi likafa. Matamasha nayo yakawa hatari: vijana walidai muziki uwe bure, polisi wakajibu kwa mabomu ya machozi, na baada ya vurugu za 1977 kwenye onyesho la mpiga gitaa Santana mjini Milano, wasanii wa nje wakaanza kuikwepa nchi. Punk na disko zikamalizia kazi.

Kwa hiyo anayeirudia miaka ile leo anarudi kwenye mazungumzo yaliyokatizwa, sentensi ikiwa katikati. Ndiyo maana nasita kuiita retro hii kumbukumbu tamu tu. Wengi wa wanaoipiga hawakuwa hata na umri wa kwenda tamasha mwaka 1973. Wameikuta kwenye santuri za kaka zao na kwenye matoleo mapya. Wajapani, kupitia lebo ya King Records, walizirudisha sokoni albamu nyingi za Italia miaka ya 1980, wakati Waitaliano wenyewe wamezisahau. Miaka ya 1990 zikaja lebo ndogo, mfano Mellow Records, na Black Widow ya Genova ambayo ni duka la santuri pia, na mtu aliyekuwa na wimbo wa dakika ishirini akapata pa kuupeleka.

Sasa, sikio linajuaje kwamba albamu ni ya retro?

La kwanza ni vyombo, na chombo mama ni Mellotron. Kinanda hiki kilitengenezwa Uingereza, na ndani yake kila kitufe kina utepe wake wa sumaku uliorekodiwa sauti halisi: fidla, filimbi, au kwaya. Ukibonyeza, utepe unapita kwenye kichwa cha kusomea kama kwenye redio kaseti. Unadumu takriban sekunde nane, kisha umekwisha. Lazima uachie kitufe ili springi iurudishe mwanzo. Basi mpigaji hawezi kushikilia sauti moja atakavyo, na muziki mzima unapumua kwa kipimo hicho. Tepe zikichakaa, fidla zinayumba kidogo, na huko kuyumba ndiko wanakokutafuta vijana wa leo, wengine wakitumia kompyuta iliyonakili hata kasoro zake. Pamoja nayo kuna kinanda cha Hammond, ambacho sauti yake hupitishwa kwenye spika yenye pembe inayozunguka, na sinthesaiza ya Moog yenye mlio mmoja mnene unaokata juu ya vyote.

Vyombo, hata hivyo, hununuliwa. Kigumu zaidi ni uimbaji. Roki ya Kiingereza ya aina hii mara nyingi huimbwa kwa ubaridi fulani, kama mtu anayesoma hati. Ya Kiitaliano huimbwa kana kwamba mtu anaagana na mamaye kituoni, hata mashairi yakiwa ya sayari na falsafa. Kundi la retro lenye Mellotron ya kweli na mwimbaji mwoga halifiki popote. Alessandro Corvaglia wa La Maschera di Cera si mwoga hata kidogo. Kuna mahali ningemwomba apunguze. Makundi mengine yalimfuata mwenye sauti mwenyewe: Il Tempio delle Clessidre, pia wa Genova, walipotoa albamu yao ya kwanza mwaka 2010, aliyeimba alikuwa Stefano Galifi, yuleyule aliyeimba Zarathustra. Hapo mpaka kati ya retro na chanzo chake unakuwa mgumu kuuchora.

Le porte del domani ilikwenda mbali zaidi ya kuiga mlio: ilichukua hadithi ya albamu nyingine na kuiendeleza. Mwaka 1973 Le Orme, watatu tu, Aldo Tagliapietra kwenye besi na sauti, Toni Pagliuca kwenye vinanda na Michi Dei Rossi kwenye drams, walitoa Felona e Sorona. Ni habari ya sayari mbili. Felona ina mwanga na furaha, Sorona ina giza na maji yaliyokufa, na juu yao yupo mlinzi aliyeigeukia moja akaisahau nyingine. Anapoigeukia Sorona, Felona inaanza kuzama. Wimbo wa mwisho unaitwa Ritorno al nulla, yaani kurudi kwenye utupu, na hauna maneno: vinanda vinapanda, vinapanda, vinakatika. Albamu nzima ni kama dakika thelathini na tatu.

Miaka arobaini baadaye, Fabio Zuffanti, mpiga besi na kiongozi wa La Maschera di Cera, akafungua albamu ya kundi lake kwa wimbo uitwao Ritorno dal nulla. Kurudi kutoka kwenye utupu. Anayeijua ya Le Orme anaelewa papo hapo kwamba hadithi imefufuliwa pale ilipoachwa, nyimbo tisa kwa nyimbo tisa. Hata desturi ya kutoa toleo la Kiingereza imefuatwa: Le Orme waliandikiwa maneno ya Kiingereza na Peter Hammill wa Van der Graaf Generator, na La Maschera di Cera nao wakatoa The Gates of Tomorrow.

Ukizisikiliza mbili hizo mfululizo, jambo la ajabu linajitokeza. Ya 2013 ina dalili nyingi za 1973 kuliko ya 1973 yenyewe. Le Orme walikuwa watu watatu wenye walichonacho, na mlio wao una nafasi tupu nyingi, karibu wa baridi. La Maschera di Cera wana filimbi, gitaa la umeme, Mellotron, Moog, na mpiga drams asiyetulia, yaani kila kitu ambacho enzi ile ilikuwa nacho, kimewekwa chungu kimoja. Hakuna kundi la wakati ule lililosikika hivyo, maana kila moja lilikuwa na kipande chake tu. Retro hukumbuka enzi nzima kwa mkupuo, na hilo ni faida na hasara: kusikiliza kunashibisha upesi, ila unakosa ule ukavu unaoifanya Sorona itishe.

Lawama ya kawaida ni kwamba muziki unaojiita wa kusonga mbele, maana progresivu ni hiyo, hauwezi kurudi nyuma bila kujikana. Ni lawama nzuri, na makundi kadhaa ya retro yanaistahili; yapo yanayopanga Mellotron na mapigo ya saba kama mtu anayejaza fomu. Lakini inadhani kwamba mtindo ulipofika 1975 ulikuwa umemaliza kusema. Italia haukuwa umemaliza, ulinyamazishwa.

Wazee nao hawakuomba kurudishwa walikotoka. Banco del Mutuo Soccorso, wakiwa wamebaki na Vittorio Nocenzi tu kati ya waanzilishi, walitoa Transiberiana mwaka 2019. Gitaa zake ni nzito, rekodi yake ni safi na ya leo kabisa, na mtu asiyeambiwa anaweza kudhani kwamba hiyo ndiyo ya vijana, na ile ya Genova ndiyo ya babu zao.