Ofisi mpya ya mashauri ya ndoa: fedha ya kwanza iende wapi?

Wakili aliyetoka kuapishwa akipata chumba cha kukodi, huanza na kibao, meza ya mninga na kiti cha kuzunguka. Kwa ofisi itakayoishi kwa talaka, matunzo ya watoto na mgawanyo wa mali, mimi ningeanza na mlango. Ofisi nyingi tunazozitembelea zimegawanywa kwa ubao mwembamba, na upande wa pili watu wanasubiri fotokopi. Mama aliyepigwa usiku hawezi kusimulia hapo. Atauliza bei, atashukuru, hatarudi.

Baada ya mlango, karani. Si wa kuchapa tu, bali anayejua kukagua makaratasi siku ya kwanza. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, kifungu cha 101, hairuhusu maombi ya talaka kabla mgogoro haujapita Baraza la Usuluhishi na baraza kuthibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha, isipokuwa katika mazingira machache. Wateja hufika na barua ya mwenyekiti wa mtaa wakidhani inatosha. Ikipokelewa hivyo, shauri linaweza kusikilizwa hadi hukumu, halafu kwenye rufaa mwenendo wote ukafutwa. Mteja anarudi barazani, na mtaa mzima unajua ni wakili gani aliyempeleka huko. Kwa kuwa maadili ya uwakili yanakataza kuwinda wateja, maneno ya mtaa ndiyo tangazo lako.

Kabati la vitabu lisubiri. Hukumu zinasomwa bure TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, ikiwemo ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif ya 1983, ambamo Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. (Bi Hawa mwenyewe, wengi husahau, rufaa yake ilikataliwa.) Fedha hiyo ilipie muda wa kukaa na mteja kupekua risiti, daftari la kikoba na mikataba ya kiwanja.

Inayobaki iwe akiba ya pango na mshahara wa karani, miezi sita ikiwezekana. Mashauri haya hulipwa kidogo kidogo, na mengine huisha wanandoa wakirudiana. Wakili anayedaiwa kodi husikia “tumepatana” kama habari mbaya, na mteja humsoma usoni. Tena ndiye anayeshawishika kugusa fedha za matunzo zilizopitia kwake, kwa hiyo akaunti ya wateja, ya kutunzia fedha zao mbali na za ofisi, ifunguliwe kabla kibao hakijapakwa rangi.