Je, wajua kwa nini Star Trek, mifululizo ya televisheni ya Marekani kuhusu safari za angani, iliwatumia viumbe wa sayari nyingine kuzungumzia ushoga?

Sababu ya kwanza ni biashara. Star Trek: The Next Generation, iliyoanza mwaka 1987, iliuzwa kituo kwa kituo kote Marekani, na kituo kisichopenda episodi fulani kingeweza kuikata au kuiruka. Wanaume wawili wakibusiana lilikuwa jambo la kufukuza watangazaji. Kiumbe wa sayari isiyokuwepo hana wa kumlalamikia, basi mtunzi humtwisha yeye mzigo wote.

Ufundi wenyewe ni kugeuza kanuni moja tu ya jamii na kuyaacha mengine yalivyo: mapenzi, woga, mahakama, jirani mchongezi. Ukigeuza kanuni tatu, mtazamaji atahangaika kuielewa sayari na asahau kujitazama mwenyewe.

Chukua "The Outcast", episodi ya The Next Generation ya Machi 1992. Jamii ya J'naii haina mwanamke wala mwanamume, na kujihisi mmojawapo ni kosa linalotibiwa kwa lazima. Soren anajihisi mwanamke, anampenda Kamanda Riker, binadamu na afisa wa chombo cha angani, anafikishwa mahakamani na kujitetea kwa ujasiri. Riker anapofika kumtorosha amechelewa: Soren ameshatibiwa na anamwambia alikuwa mgonjwa. Uamuzi wa kutowapa watazamaji wokovu ndio uliookoa episodi hiyo, maana mwathirika anayeishukuru adhabu yake anatisha kuliko anayelia.

Ila episodi iliharibikia kwenye kuchagua waigizaji. J'naii waliigizwa na wanawake, na Soren mwenyewe na Melinda Culea. Kwa hiyo kilichoonekana kwenye skrini ni mwanamume kumbusu mwanamke, jambo lisilomshtua mtu. Jonathan Frakes, aliyemwigiza Riker, alisema baadaye kwamba Soren alipaswa kuigizwa na mwanamume. Tena ukiisoma hadithi kama ilivyo, anayeonewa ni mtu anayependa jinsia tofauti! Fumbo likifichwa mno, kila mtu huondoka na jibu alilokuja nalo.

Deep Space Nine, mfululizo mwingine wa Star Trek, ilijirekebisha mwaka 1995 kwa episodi ya "Rejoined". Baadhi ya Watrill, watu wa sayari nyingine, hubeba kiumbe kinachoishi ndani yao, ambacho huhamia mwili mwingine ule wa kwanza unapokufa. Mwiko wao mkubwa ni kurudiana na mwenzi wa maisha yaliyopita. Adhabu ni kufukuzwa, na kwa aliyefukuzwa kiumbe hicho hufa pamoja na mwili, na kumbukumbu za vizazi hupotea. Jadzia Dax na Lenara Kahn walikuwa mume na mke katika miili yao ya zamani. Sasa wote ni wanawake, na wanabusiana waziwazi. Katika hadithi nzima hakuna hata mmoja anayetaja kwamba ni wanawake wawili. Mwiko umehamishiwa kwingine, lakini picha imeachwa palepale, na picha ndiyo iliyokuwa vita.

"Stigma" ya mwaka 2003, kwenye mfululizo wa Enterprise, iligusa UKIMWI. T'Pol, afisa wa chombo, ana ugonjwa unaohusishwa na wachache wa jamii yake ya sayari nyingine, Wavulkani, wanaounganisha akili, tendo linalodharauliwa kwao. Yeye alilazimishwa, na angelisema hilo angeonewa huruma. Anakataa, kwa kuwa kujitetea hivyo kungekuwa kukubali kwamba wengine walijitakia. Hapa Afrika Mashariki hoja hiyo haihitaji ufafanuzi.

Septemba 2017 ilianza Discovery, mfululizo mpya wa Star Trek, ambamo daktari Culber na mwanasayansi Stamets ni wapenzi, binadamu wote wawili, na wanapiga mswaki pamoja bila yeyote kushangaa. Kujificha hakukuhitajika tena. Mwezi huohuo ilianza The Orville, mfululizo wa angani usio wa Star Trek, nayo bado iliwatumia viumbe wa mbali, safari hii kwa swali jingine. Kwa Wamoclan, wanaume kuoana ndiyo kawaida, na kuzaliwa msichana ni kasoro. Bortus na Klyden wanapata binti. Bortus anaishia kumtetea, Klyden anataka afanyiwe upasuaji awe mvulana, na mahakama inaamuru hivyo. Wanandoa hawa wa jinsia moja ni wazazi kama wazazi wengine, wanagombana juu ya mtoto, na safari hii ubaguzi uko nyumbani kwao wenyewe. Tena Klyden naye alizaliwa msichana.