Okidi ya baridi haitaki barafu, inataka usiku

Hapa Mwanza kila anayenunua okidi (ua la orchid) chotara ya baridi huambiwa: weka vipande vya barafu kwenye chungu, itachanua. Jirani yangu wa Isamilo amefanya hivyo miezi minane. Ana majani mazuri, maua hana.

Barafu huyeyuka kwa muda mfupi na kinachobaki ni maji tu. Asili ya simbidiamu, okidi iliyo mzazi wa chotara nyingi za baridi, ni milima ya Asia ikiwemo Himalaya. Mchana inavumilia joto. Kinachoiamsha kutoa shina la maua ni hewa ya usiku iliyoshuka hadi nyuzi 10 au 14 hivi, wiki kadhaa mfululizo. Mizizi iliyogandishwa haijui lolote kuhusu usiku.

Na upepo wa ziwa je? Hapo ndipo wengi tunapojidanganya. Unapooza mchana, lakini usiku maji yale makubwa huachia joto taratibu, na mji hauwi baridi sana. Miamba yetu nayo, iliyochomwa na jua kutwa nzima, hufanya vivyo hivyo; chungu kilichoegeshwa kwenye jabali kinalala kama kwenye jiko lililozimwa. Kitulo, ile hifadhi ya maua ya Nyanda za Juu Kusini, ni habari nyingine: iko juu mno, na usiku wake ni wa baridi.

Kama bado unaitaka simbidiamu, uliza chotara zilizochanganywa na Cymbidium ensifolium, zinazovumilia joto zaidi. Masidevalia, okidi nyingine za baridi kutoka milima ya Andes ya Amerika Kusini, ziache.