Heshima ya kuthubutu ni nini, na inahusu nini simu ya mtu mwenye ulemavu wa akili?

Kwanza tusichanganye, ulemavu wa akili sio ugonjwa wa akili. Ni hali inayoanza utotoni, mtu anachelewa kuelewa na kujifunza, anahitaji msaada kwenye baadhi ya mambo, sio yote. Sasa huyo mtu akikua anataka simu, anataka WhatsApp na TikTok, anataka mchumba kama wenzake, hapo ndo nyumba nzima inashtuka, ananyang'anywa smatifoni anapewa kitochi basi.

Heshima ya kuthubutu, yaani kumheshimu mtu kwa kumwacha ajaribu mambo hata kama yana hatari kidogo, inapinga hiyo tabia. Neno hili lilienea kupitia Mmarekani Robert Perske aliyeandika kulihusu mwaka 1972, hoja yake ni kwamba ulinzi ukizidi unamkaba mtu, maana na kukosea ni sehemu ya kuishi. Ndo huo mwelekeo uliopo kwenye mkataba wa UN wa 2006 wa haki za watu wenye ulemavu, Kenya iliridhia 2008 na Tanzania 2009. Ibara ya 9 inataja intaneti kabisa, na ya 12 inadai mtu apewe msaada wa kutumia haki zake kisheria, yaani asaidiwe kuamua, sio aamuliwe.

Sio kumwachia tu lakini. Chukua ile meseji ya matapeli ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Mtu anayechukua maneno kama yalivyo atatuma, na kumwambia "kuwa makini" hakusaidii kitu, makini ndo kufanyaje? Mpe kanuni moja anayoweza kuishika: ukiombwa hela, kabla ya yote mpigie dada kwa namba uliyoisevu. Halafu fanyeni mazoezi, mtumie wewe mwenyewe meseji ya uongo, wiki ijayo tena kwa maneno mengine. Kwenye laini akae na salio dogo, elfu mbili ikiliwa inauma ila haimwangushi. (Na namba ya siri ashike mwenyewe akiweza, wakati mwingine anayekula hela zake ni ndugu wa humo humo ndani.)

Kwenye picha za utupu na wachumba wa mtandaoni ni kugumu zaidi, ila akishajua kila akikosea simu inachukuliwa, siku akitishiwa picha zake zitasambazwa hatakwambia, atalipa kimya kimya.