Usinunue urea ya maharage kabla hujang'oa mche mmoja

Mvua zikishachanganya hapa Dodoma, simu yangu haitulii. "Bwana shamba, maharage yamekuwa ya njano, niweke urea kiasi gani?" Mimi namwambia achukue jembe kwanza.

Maharage yakikaribia kutoa maua, chimbua mche mmoja na udongo wake, uutikise taratibu. Utaona vinundu kwenye mizizi. Pasua kimoja kwa kucha. Ndani kukiwa na wekundu, bakteria wanavuta naitrojeni ya hewani na kuulisha mmea. Kukiwa kijani au kijivu, hawafanyi kazi. Urea ni mbolea ya naitrojeni; ukiimwaga nyingi, mmea hauwahitaji tena bakteria hao na vinundu vinapungua. Unabaki na majani mengi na maganda ya kuhesabu.

Mara nyingi kinachokosekana ni kirutubisho cha fosforasi, pamoja na udongo wa kushika maji. Ardhi yetu nyekundu ya kichanga ina mboji kidogo mno. Ndiyo maana naumia nikipita kwenye zizi la mbuzi na kukuta samadi imeanikwa juani kiangazi kizima. Ile harufu kali inayochoma pua ni naitrojeni inayoondoka!

Ikusanye mapema, usivuke Septemba. Irundike kivulini, tabaka la samadi na tabaka la mabua, nyunyizia maji, funika kwa nyasi. Igeuze kila baada ya wiki mbili au tatu. Ikiwa nyeusi, imepoa na inanukia udongo, imeiva. Majivu usiyachanganye na samadi mbichi, yanaifukuza naitrojeni.

Usiimwage shamba zima. Weka kwenye mfereji wa kupandia, konzi mbili hivi kila mita, fukia kidogo, ndipo uweke mbegu. Wakulima wa kijiji cha Chololo, hapa Dodoma, wana mashimo yao ya sentimita 22 kwa upana na 30 kwenda chini, wanayotia majivu ya kuzuia mchwa, samadi na mabaki ya mazao. Kwa uwele na mahindi sijaona njia nzuri kuliko hiyo. Maharage hupandwa kwa nafasi finyu zaidi, ndiyo maana napendelea mfereji uliokingama na mteremko.

Nasema haya nikiwafikiria zaidi wa milima ya Kondoa na Mpwapwa. Wa tambarare kavu za huku mjini, pandeni kunde au choroko. Samadi ni ile ile.

Kwa ile fosforasi, mbolea ya Minjingu inatokana na mwamba wa fosfeti unaochimbwa Manyara. Huyeyuka polepole, na huhitaji udongo wenye tindikali. Kwenye udongo wenye magadi itakaa kama changarawe, kwa hiyo pima udongo kwanza. Ukiichanganya kwenye lundo la mboji, tindikali za uozo huisaidia kuyeyuka.

Na wale bakteria wa vinundu wanaouzwa kwenye pakiti ili kupakwa kwenye mbegu: msimu mmoja niliuziwa wa soya, nikawapaka kwenye mbegu za maharage, mizizi ikatoka mitupu. Maharage yana wake, soya ina wake. Soma jina la zao na tarehe ya mwisho kwenye pakiti, paka mbegu kivulini, panda jioni siku hiyo hiyo udongo ukiwa na unyevu, ufukie mara moja. Jua huwaua.